Asembli ndani ya C kwenye maikrokontrola: dalili, chanzo na tiba

Ukiweka mistari michache ya asembli katikati ya msimbo wa C, kompaila ya GCC haiisomi. Inayachukua maandishi yaliyo ndani ya alama za kunukuu kama tarishi anavyobeba barua iliyofungwa, inajaza majina ya rejista (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya kichakato), kisha inayakabidhi kwa asembla. Inachosoma ni bahasha tu: orodha ya matokeo, orodha ya maingizo, na orodha ya vitu vinavyoharibiwa njiani. Ndiyo maana hitilafu nyingi za kazi hii hazimo kwenye amri zenyewe. Amri ni sahihi kabisa, ila bahasha imesema uongo au imenyamaza, na kompaila imepanga mambo yake kwa kuamini ilichoambiwa.

Mifano mingi hapa ni ya AVR, familia ya maikrokontrola za biti 8, hasa ATmega328P kwenye 16 MHz ikikusanywa kwa avr-gcc. Pale ARM Cortex-M inapofuata njia yake, nitasema.

Kwanza tazama kilichotoka

Usibadilishe chochote kabla hujaona kompaila imetoa nini. Kubahatisha sharti (herufi ya kwenye bahasha, kama `"r"`, inayotaja aina ya rejista au namba) moja baada ya jingine mpaka programu itulie ni hatari, kwa sababu msimbo unaweza kutulia kwa bahati ya mgao wa rejista na kuvurugika tena siku utakapoongeza kigeu kimoja.

```
avr-gcc -mmcu=atmega328p -O2 -save-temps -c main.c
```

Fungua `main.s` utafute `#APP` na `#NOAPP`. Kilicho kati ya alama hizo ni chako, na kilicho nje ni cha kompaila. Soma mistari mitano juu yake na mitano chini yake: rejista gani zimejazwa kabla, zipi zinatumika baada. Kwa faili iliyokwisha kuunganishwa tumia `avr-objdump -d -S`, au `arm-none-eabi-objdump` kwa ARM. Ukizoea kusoma sehemu hii, nusu ya maswali yaliyo hapa chini utayajibu mwenyewe.

Angalia pia ni nani analalamika. `error:` yenye herufi ndogo ni ya kompaila, na maana yake ni kwamba bahasha ina kasoro. `Error:` yenye herufi kubwa, chini ya kichwa `Assembler messages:`, ni ya asembla, na maana yake ni kwamba amri haikubaliki jinsi ilivyojazwa.

Inakataa kukusanywa

Ukiona `expected ')' before ':' token`, au ukiambiwa kwamba `asm` ni fanksheni isiyotangazwa, tazama bendera za ukusanyaji. Chini ya `-std=c99` au `-std=c11`, neno `asm` si neno la lugha. Andika `__asm__`, au tumia `-std=gnu11`. Binafsi napendelea `__asm__` kwenye hedafaili yoyote itakayotumiwa na mradi zaidi ya mmoja, kwa kuwa hujui mwenzako anakusanya kwa bendera zipi.

`register number above 15 required` inasumbua zaidi, kwa sababu inaweza kuchelewa sana kujitokeza. Mstari huu unaonekana mzima:

```c
asm volatile ("ldi %0, 0x5A" : "=r" (x));
```

Kwenye AVR, `ldi`, `cpi`, `andi`, `ori` na `subi` hufanya kazi na rejista r16 hadi r31 peke yake. Sharti `"r"` linaruhusu rejista yoyote, na kompaila kwa kawaida inachagua za juu kwanza. Basi msimbo unapita, mpaka fanksheni ijae vigeu na kompaila ishuke hadi r15. Hapo kosa linatokea kwenye mstari ambao hukuugusa. Sharti sahihi ni `"=d"`. Kwenye Cortex-M0 kuna ndugu yake, `lo register required`: amri nyingi za kichakato hicho zinafika r0 hadi r7 tu, na sharti lake ni `"l"`. Hedafaili za CMSIS, maktaba ya ARM kwa Cortex-M, zenyewe zinabadilisha `"r"` kuwa `"l"` zinapokusanywa kwa vichakato vya namna hiyo.

Hapohapo kwenye Cortex-M0 unaweza kukutana na `instruction not supported in Thumb16 mode` kwa amri halali kama `subs`. Amri haina kosa. GCC imeiacha asembla kwenye sintaksia ya zamani iliyogawanyika. Anza maandishi yako na `.syntax unified\n\t`, au kusanya kwa `-masm-syntax-unified`.

`impossible constraint in 'asm'` kwenye `-O0` (bila uboreshaji) peke yake, huku `-O2` (yenye uboreshaji) ikipita, mara nyingi ni sharti linalodai namba isiyobadilika, kama `"I"` ya AVR ambayo ni 0 hadi 63, lakini umeipa kigezo cha fanksheni. Kwenye `-O2` fanksheni inamezwa ndani ya iliyoiita na kigezo kinageuka namba kamili. Kwenye `-O0` hakuna anayeifanya kazi hiyo. Igeuze fanksheni iwe makro na tatizo litaisha kwa viwango vyote.

Lebo iliyopewa jina, tuseme `subiri:`, huleta `symbol ... is already defined` mara fanksheni inaponakiliwa sehemu mbili. Tumia lebo za namba, `1:` na `1b` au `1f`, au ongeza `%=` kwenye jina ili kila nakala ipate namba yake.

Inakusanywa, lakini amri hazipo

Hapa kuna mtego ambao nadhani haujatangazwa vya kutosha. Alama ya nukta-mkato kwenye asembla ya ARM hutenganisha amri. Kwenye asembla ya AVR huanzisha maelezo, na kila kinachofuata mpaka mwisho wa mstari kinatupwa. Tazama:

```c
asm volatile ("cli; sbi 0x05, 5; sei");
```

Kwenye AVR hii inabaki `cli` tu. Hakuna onyo wala kosa. Intarapti (ishara zinazokatiza programu ili kushughulikia tukio) zinazimwa na haziwashwi tena, na wewe unaanza kuitafuta hitilafu kwenye taima au kwenye UART. Tenganisha amri kwa `\n\t` siku zote, kwenye kichakato chochote. Ukiisahau kabisa kati ya vipande viwili vya maandishi, `"sei" "nop"` itakuwa `seinop`, na asembla itakueleza mara moja kwamba haiijui. Kosa hilo ni jepesi kwa sababu linapiga kelele.

Sababu nyingine ya amri kutoweka ni kukosa `volatile`. Asembli isiyo na matokeo yoyote huhesabiwa kuwa volatile yenyewe. Yenye matokeo haipati heshima hiyo: kama matokeo hayatumiki, kompaila inaifuta. Mbaya zaidi, kama inasoma kaunta ndani ya kitanzi na haina ingizo linalobadilika, kompaila ina haki ya kuisoma mara moja nje ya kitanzi na kurudia jibu lilelile. Dalili yake ni kaunta inayoonekana imeganda ilhali taima inazunguka vizuri.

Amri zipo, lakini zinagusa mahali pengine

Kwenye ATmega328P, PORTB ina anwani mbili: 0x05 kwenye eneo la I/O, na 0x25 kwenye kumbukumbu ya data. Tofauti ni 0x20. `in` na `out` zinataka anwani ya I/O, kuanzia 0x00 hadi 0x3F. `sbi` na `cbi` zinaishia 0x1F. Sasa mtu akiandika:

```c
asm volatile ("out 0x25, %0" : : "r" (thamani));
```

asembla inakubali, maana 0x25 ni ndogo kuliko 0x40. Lakini anwani ya I/O 0x25 ni TCCR0B, rejista inayoamua taima 0 ipate mapigo kutoka wapi. Tuseme `thamani` ni 0x20, biti ya PB5. Biti tatu za chini za TCCR0B zinakuwa sifuri, na taima 0 inasimama. Unachoona kwa macho ni LED isiyowaka pamoja na hesabu ya milisekunde iliyokwama, mambo mawili yasiyoonekana kuhusiana. Kwa `sbi 0x25, 5` ungepona, kwa kuwa asembla ingekataa: `number must be positive and less than 32`. Njia salama ni kuiachia makro `_SFR_IO_ADDR` itoe anwani ya I/O:

```c
asm volatile ("out %0, %1"
              : : "I" (_SFR_IO_ADDR(PORTB)), "r" (thamani));
```

Kwa rejista zilizo mbali, kama UDR0 (rejista ya data ya UART) iliyopo 0xC6, `out` haifiki kabisa. Tumia `lds` na `sts` pamoja na `_SFR_MEM_ADDR`.

Karibu na hilo kuna suala la baiti. Kigeu cha biti 16 kinakaa kwenye rejista mbili, na `%0` inataja ya chini tu. Andika `%A0` na `%B0`, na kwa biti 32 endelea hadi `%C0` na `%D0`. Pointa iliyopewa sharti `"e"` inaandikwa `%a0`, kwa herufi ndogo, ili itoke kama X, Y au Z.

Inakwenda kwenye -O0, inavunjika kwenye -O2

Dalili hii ikitokea watu hukimbilia kulaumu kompaila, na baadhi huamua kuacha mradi mzima kwenye `-O0`. Tafadhali usifanye hivyo. Uboreshaji haujaharibu kitu. Umefichua kwamba bahasha haikuwa kamili.

Kitanzi cha kusubiri ni mfano mzuri:

```c
static inline void subiri(uint8_t n)
{
    asm volatile ("1: dec %0\n\t"
                  "brne 1b"
                  : : "r" (n));
}
```

`dec` inachukua mzunguko mmoja wa saa. `brne` inachukua miwili inaporuka na mmoja isiporuka. Kwa `n` ya 20, jumla ni mizunguko 59, yaani takriban mikrosekunde 3.7 kwenye 16 MHz. Lakini `n` imetajwa kama ingizo tu, kwa hiyo kompaila inaamini kwamba rejista bado ina 20 baada ya kitanzi. Ukiita `subiri(20)` mara mbili mfululizo, kompaila inaweza kutumia rejista ileile bila kuijaza upya. Ndani yake sasa mna sifuri. `dec` ya kwanza inaigeuza 255, na kitanzi kinazunguka mara 256: mizunguko 767, karibu mikrosekunde 48. Ukitazama kwenye osiloskopu utaona pengo la kwanza sahihi na la pili refu mara kumi na tatu. Kwenye `-O0` kila mwito hujaza rejista upya, ndiyo maana kila kitu kilionekana salama.

Tiba ni kusema kweli: `: "+r" (n)`. Alama ya kujumlisha inaeleza kwamba kigeu kinasomwa na kuandikwa.

Kisa cha pili ni matokeo yanayoandikwa mapema mno. Fanksheni hii inapaswa kubadilishana baiti mbili:

```c
uint16_t geuza(uint16_t x)
{
    uint16_t y;
    asm ("mov %A0, %B1\n\t"
         "mov %B0, %A1"
         : "=r" (y) : "r" (x));
    return y;
}
```

Mpe 0x1234, atakurudishia 0x1212. Kompaila huchukulia kwamba maingizo yote yamekwisha kusomwa kabla ya tokeo kuandikwa, kwa hiyo inaona hakuna ubaya kuviweka `x` na `y` kwenye jozi ileile, r24 na r25. Amri ya kwanza inafuta baiti ambayo amri ya pili inaihitaji. Andika `"=&r"` na utapata 0x3412. Kanuni yangu ni rahisi: asembli yenye amri zaidi ya moja na ingizo lolote, naanza na `&`, kisha naiondoa pale tu nikiwa na hakika haihitajiki.

Cha tatu ni kumbukumbu. Asembli ikiandika kwenye bafa kupitia pointa, kompaila haijui. Inajua pointa imesomwa, basi. Itaendelea kutumia maudhui ya zamani yaliyobaki kwenye rejista. Ongeza `"memory"` kwenye orodha ya vinavyoharibiwa. Neno `volatile` peke yake halitoshi hapa. Linazuia asembli kufutwa, lakini halizuii usomaji na uandishi wa vigeu vya kawaida kuhamishwa upande wa pili wake.

Na hata `"memory"` ina mpaka wake. Tuseme unagawanya namba, kisha unaita `cli()`, unahifadhi jibu kwenye kigeu kinachotumiwa pia na intarapti, kisha `sei()`. AVR haina amri ya kugawanya, kwa hiyo hesabu hiyo ni mwito wa fanksheni ya maktaba yenye mizunguko mingi. Kwa kuwa hesabu yenyewe haigusi kumbukumbu, kompaila inaweza kuisukuma hadi ndani ya eneo ulilozima intarapti, na ucheleweshaji wa intarapti ukapanda bila sababu inayoonekana kwenye C. Weka kizuizi kinachomtaja mhusika kabla ya `cli()`:

```c
asm volatile ("" : "+r" (jibu));
```

Hakuna amri inayotolewa. Kompaila inalazimika tu kuwa na `jibu` tayari kufikia hapo.

Uharibifu unaojitokeza mbali

Kwenye avr-gcc, r1 ni sifuri ya kudumu. Kompaila inaitegemea kila inapohitaji 0, iwe ni kulinganisha au kufuta kigeu. Amri ya `mul` inaandika jibu lake kwenye r1:r0. Ukitumia `mul` na usimalizie kwa `clr __zero_reg__`, vigeu ulivyoviandikia 0 vitapata namba za ajabu, pengine kwenye faili nyingine kabisa. Ukiona sifuri isiyo sifuri, tafuta `mul` kwanza. Mahali pa kazi za muda ni r0, yaani `__tmp_reg__`, ambayo huhitaji kuitangaza.

Rejista nyingine yoyote uliyoitaja kwa jina ndani ya maandishi lazima iwemo kwenye orodha ya vinavyoharibiwa. Njia bora zaidi ni kutoitaja kabisa: tengeneza kigeu cha muda, kitoe kama `"=&r"`, na uiache kompaila ichague.

Kwenye Cortex-M tatizo la aina hii huja na `bl`. Fanksheni isiyoita nyingine haihifadhi `lr`, na kompaila haioni `bl` yako. Baada ya mwito, `lr` inaelekeza kwenye amri inayofuata `bl` hiyo, hivyo `bx lr` ya mwisho inarudi hapohapo. Dibaga itakuonyesha programu inazunguka mistari michache bila kutoka. Tangaza `"lr"`, `"r0"` hadi `"r3"`, `"r12"`, `"cc"` na `"memory"`. Au, ushauri ninaoupendelea, ita fanksheni hiyo kutoka C. Ukijaribu kutangaza r7 kwenye `-O0` utakutana na `r7 cannot be used in 'asm' here`, kwa kuwa Thumb, seti ya amri za Cortex-M, inaitumia kama pointa ya fremu. Chagua rejista nyingine.

Muda hautimii

Baadhi ya rejista za AVR zina ulinzi wa mizunguko minne. Kubadilisha CLKPR, rejista inayogawanya kasi ya saa, unaandika biti ya ruhusa CLKPCE, kisha thamani mpya ndani ya mizunguko minne. Kwa C tupu hili hutegemea kiwango cha uboreshaji: kwenye `-O0` kompaila inapakia anwani na thamani kati ya maandishi mawili, dirisha linafungwa, na kasi haibadiliki. Hapa asembli ina haki yake kamili. Zima intarapti kwanza, kisha:

```c
asm volatile ("sts %0, %1\n\t"
              "sts %0, %2"
              : : "n" (_SFR_MEM_ADDR(CLKPR)),
                  "r" ((uint8_t)(1 << CLKPCE)),
                  "r" ((uint8_t)kigawanyo));
```

Thamani zote zinaingia kwenye rejista kabla, na `sts` mbili zinafuatana. Usizigawe kwenye `asm` mbili tofauti, maana hakuna anayekuhakikishia kwamba kompaila haitaingiza kitu katikati.

Ukimaliza, usiite `sei()` ovyo. Hifadhi SREG, rejista ya hali yenye biti ya intarapti, kabla ya `cli()` na uirudishe ilivyokuwa. Vinginevyo msimbo uleule ukiitwa ndani ya intarapti utaziwasha kabla ya wakati, na staki itajaa kwa intarapti zinazoingiliana.

Kama muda unayumba badala ya kukosea kwa kiasi kilekile, shuku intarapti inayoingia katikati ya kitanzi. Kwenye 16 MHz mzunguko ni nanosekunde 62.5, na biti moja ya LED za WS2812 ni takriban mizunguko 20. Hakuna intarapti inayoweza kuingia na kutoka humo bila kuharibu. Kwa kusubiri kwa kawaida kwenye AVR, achana na kitanzi cha mkono na utumie `__builtin_avr_delay_cycles` yenye namba isiyobadilika.

Kwenye Cortex-M kuhesabu amri kwenye karatasi hakukupeleki mbali, kwa sababu flashi inaweza kuongeza mizunguko ya kungoja kasi ya saa inapopanda. Kwenye Cortex-M3 na M4, washa biti ya TRCENA kwenye DEMCR, kisha CYCCNTENA kwenye DWT_CTRL, na usome CYCCNT, kaunta ya mizunguko, kwenye 0xE0001004 kabla na baada ya kipande chako. Cortex-M0 haina kaunta hiyo. Huko inua pini moja kabla ya asembli, ishushe baada yake, na upime kwa osiloskopu.